Funga Macho Umsikilize Linh-Dan Pham

Sisi tunaoishi kwa redio tumezoea kusikiliza hata pale ambapo wenzetu wanatazama. Juma lililopita nilikaa usiku na filamu ya Kifaransa iitwayo Indochine, ambayo nilikwisha kuiona miaka mingi nyuma. Safari hii nilifumba macho. Filamu ile ina zaidi ya saa mbili na nusu, nami niliisikiliza yote gizani, kama mtu anayesikiliza mchezo wa redio. Nilitaka kujua jambo moja tu. Katika kisa hiki cha binti anayeitwa Camille, ni sauti ya nani inayosema?

Nilichokisikia kiliniondolea usingizi. Sauti inayobeba filamu ile si ya Camille. Ni ya Éliane Devries, Mfaransa mwenye shamba la mpira, mama yake wa kulea, aliyeigizwa na Catherine Deneuve. Ndiye anayesimulia. Camille akiwa karibu na nyumbani, tunamsikia. Akienda mbali, tunasimuliwa. Na pale anapofungwa katika gereza la kisiwa cha Poulo Condor, katika miaka ile ile ambayo yeye, binti wa kifalme wa Vietnam, anageuka kuwa mwanamapinduzi, kamera haiingii naye ndani. Tunabaki nje pamoja na mama mlezi, tukingoja. Anapotoka ni mtu mwingine kabisa. Kilichombadilisha hatukukiona wala hatukukisikia.

Msichana aliyeigiza Camille anaitwa Linh-Dan Pham, na ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Kwa kawaida ya Kivietnamu angeitwa Pham Linh Dan, maana kwao jina la ukoo hutangulia, Ufaransa ililigeuza. Alizaliwa Saigon mwaka 1974. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Aprili 1975, vifaru vya jeshi la Vietnam ya Kaskazini viliingia katika mji huo na vita vikaisha. Linh-Dan alikulia Ufaransa. Kwa hiyo nchi aliyokuja kuiwakilisha mbele ya dunia nzima, yeye mwenyewe aliiacha akiwa bado hajapata umri wa kuikumbuka.

Turudi mwaka 1992, maana bila kuuelewa mwaka huo hatutaelewa kilichompata. Serikali ya Vietnam ilikuwa imeanza mageuzi ya kiuchumi mwaka 1986, na milango ya nchi ikawa inafunguka kidogo kidogo. Mara Wafaransa wakarudi, safari hii na kamera. Katika mwaka huo mmoja zilitoka filamu tatu kubwa za Kifaransa kuhusu koloni lao la zamani. Jean-Jacques Annaud alileta L'Amant, kutokana na riwaya ya Marguerite Duras. Pierre Schoendoerffer alileta Dien Bien Phu, kuhusu vita ambavyo alivipiga picha yeye mwenyewe mwaka 1954 akiwa mpigapicha wa jeshi, hadi akatekwa. Na Régis Wargnier akaleta Indochine. Sasa sikiliza hili: L'Amant nayo ina msimulizi, na ni Mfaransa, mwigizaji mkongwe Jeanne Moreau. Vietnam ilikuwa imejaa skrini za Paris, mito yake, mvua yake, mashamba yake, lakini mwenye kusimulia alikuwa Mfaransa.

Simlaumu Wargnier kupita kiasi. Filamu yake haifichi uovu. Kuna sehemu, mahali panapoitwa Kisiwa cha Joka, ambapo watu maskini wa kaskazini wanakusanywa ili wapelekwe mashamba ya kusini, wale ambao wazee wa Tanga wangewaita manamba. Camille amesafiri kwa miguu na familia moja ya watu hao, amekula nao, amelala nao. Anafika pale anawakuta wameuawa. Anachukua bastola na kumpiga risasi afisa wa Kifaransa. Msichana yule alikuwa bado hajafikisha miaka 20 wakati wa kupiga picha zile, na hakuwa mwigizaji mwenye uzoefu, lakini uso wake katika dakika ile unabeba mzigo ambao waigizaji wa miaka 30 ya kazi wangeuangusha. Hapigi kelele. Ni kama mtu ambaye moyo umemtangulia na mkono unafuata baadaye.

Na kuna historia ya kweli nyuma ya binti wa kifalme anayeangukia mikononi mwa wakoloni. Mwaka 1916 Wafaransa waliwapeleka uhamishoni wafalme wawili wa Vietnam, Thành Thái na mwanawe Duy Tân, wakawaweka katika kisiwa cha Réunion, hapa hapa katika Bahari yetu ya Hindi. Duy Tân alikufa mwaka 1945 katika ajali ya ndege katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, akazikwa huko, hadi mwaka 1987 mabaki yake yaliporudishwa Huế. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba bahari hii tunayovulia samaki ilikuwa pia gereza la wafalme wa Asia.

Indochine ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 3 nchini Ufaransa, ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Deneuve alipata César, tuzo ya sinema ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kike. Linh-Dan naye aliteuliwa kuwania César ya mwigizaji wa kike anayechipukia, tuzo wanayopewa wale ambao tasnia inawatabiria makubwa. Hakuipata, ilikwenda kwa Romane Bohringer. Hakuna ubaya. Chipukizi huwa na mwaka mwingine.

Ila mwaka mwingine haukuja. Hebu mfikirie mwandishi wa miswada wa Paris mwaka 1994. Anamkuta mbele yake msichana mwenye kipaji, anayesema Kifaransa kama kila mtoto aliyekulia huko, ambaye uso wake unajulikana nchi nzima. Angempa nafasi gani? Mwanasheria? Mwalimu wa jiografia? Mke aliyechoka na ndoa? Nafasi hizo zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa zikiandikwa kwa ajili ya wasichana wa sura nyingine. Aliyekuwa na sura yake aliandikiwa Asia, na Asia ilikuwa imekwisha kupigwa picha mwaka 1992.

Kabla yake kulikuwa na mwingine ambaye ningependa usimsahau. France Nuyen alizaliwa Marseille mwaka 1939, na alikuwa na damu ya Kivietnamu upande wa baba. Kazi yake ilikwenda kuota Marekani. Mwaka 1958 alionekana katika filamu ya muziki South Pacific kama Liat, msichana wa Tonkin, yaani Vietnam ya kaskazini. Katika wimbo mmoja maarufu wa filamu ile, mama yake ndiye anayeimba, na Liat kazi yake ni kucheza kwa vidole na kutabasamu. Mwanajeshi wa Kimarekani anampenda bila wao kuzungumza chochote cha maana. Jambo hili linaniuma kila ninapolikumbuka. Mfilipino au Mchina au Mvietnamu katika filamu za wakati ule aliruhusiwa kuwa mzuri, kulia na hata kufa. Kuzungumza ndiko kulikokuwa na kikomo.

Lakini si kila ukimya ni wa kunyang'anywa. Mwaka 1993 alitokea Trần Anh Hùng, Mvietnamu aliyekulia Ufaransa, na filamu iliyosimulia habari za mtumishi wa nyumbani anayeitwa Mùi na mapapai mabichi ya uani. Saigon yote ya filamu ile ilijengwa ndani ya studio karibu na Paris. Mùi mtu mzima aliigizwa na Trần Nữ Yên Khê, na kwa sehemu kubwa hasemi karibu lolote. Anaosha, anakata, anapanga, anasikiliza muziki wa bwana wa nyumba. Mwishoni tu, akiwa mjamzito, na amekwisha kufundishwa kusoma, anasoma kwa sauti. Ile sauti inapokuja, inakuja kwa sababu aliyeitengeneza filamu alijua tangu mwanzo kwamba ndani ya Mùi kuna mtu. Filamu ile ilipata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Cannes. Nimeileta hapa kwa sababu inatusaidia kupima: ukimya wa Liat ni wa mtu ambaye hakuulizwa, ukimya wa Mùi ni wa mtu anayengoja.

Linh-Dan Pham naye alingoja, ila hakukaa akitazama simu. Alisoma masomo ya biashara, akafanya kazi nje ya sinema, akaishi nchi mbalimbali. Akiwa New York alisoma uigizaji katika shule yenye jina la Lee Strasberg, yule mwalimu aliyewafundisha waigizaji kuchimba kumbukumbu zao wenyewe ili kupata hisia za mhusika. Fikiria mtu ambaye amesimama karibu na Deneuve katika filamu iliyopata Oscar, halafu anarudi darasani kukaa na wanafunzi. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo yoyote. Alielewa kwamba alichofanya akiwa msichana kilikuwa kipaji, na kwamba kipaji peke yake hakimfikishi mtu uzeeni katika kazi hii.

Kisha ukaja mwaka 2005 na mwongozaji Jacques Audiard. Filamu ni De battre mon cœur s'est arrêté. Inafuata nyayo za filamu ya Kimarekani ya mwaka 1978 iitwayo Fingers, lakini Audiard ameihamishia Paris na kuifanya yake. Kijana anayeitwa Tom, aliyeigizwa na Romain Duris, anafanya biashara chafu ya majengo. Yeye na wenzake wanawafukuza watu maskini waliojisitiri katika nyumba tupu, wakitumia marungu, wakitumia hata panya. Baba yake ni wa kazi hiyo hiyo. Lakini mama yake, marehemu, alikuwa mpiga piano. Siku moja Tom anakutana na mtu aliyekuwa akimsimamia mama yake kazi, na mtu huyo anamwalika aje kupiga piano mbele yake amsikilize. Tom hajagusa piano kwa miaka. Anatafuta mwalimu.

Mwalimu anayempata ni Miao Lin, mpiga piano aliyefika Ufaransa majuzi tu kutoka Asia. Hajui Kifaransa. Ana lugha ya kwao na maneno machache ya Kiingereza. Tom hajui lugha nyingine yoyote itakayowasaidia. Wanafungiana katika chumba kimoja na toccata moja ya Bach, mwanafunzi mwenye hasira na mwalimu asiyeweza kumwambia, kwa maneno, kwa nini amekosea.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa nawe kidogo. Linh-Dan Pham, aliyekulia katika Kifaransa, ilimbidi akiache mlangoni. Anapomwambia Tom arudie, anamwambia kwa lugha ambayo Tom haielewi, na Tom anamjibu kwa Kifaransa ambacho Miao Lin hakielewi. Wanagombana hivyo, kila mmoja katika lugha yake, na ajabu ni kwamba wanaelewana katika kugombana. Yeye hapandishi sauti ovyo. Anasahihisha mgongo uliopinda. Anamrudisha mwanzo, tena mwanzo, tena. Baada ya somo wanakunywa chai jikoni. Nilisikiliza sehemu hizi nazo nikiwa nimefumba macho, na nikatambua kwamba ndizo nyakati pekee katika filamu ile ambazo sauti ya Tom inapoa. Nje ya chumba kile anatukana, anatisha, anadanganya. Ndani ya chumba kile anasikiliza, kwa sababu hana njia nyingine.

Unaona kilichobadilika tangu 1992? Camille alisema Kifaransa kizuri na kisa chake kikasimuliwa na mwingine. Miao Lin hasemi Kifaransa hata kidogo, wala hakuna anayemsimulia. Amekaa katika chumba chake, na Mfaransa ndiye anayebisha hodi, ndiye asiyejua, ndiye anayejifunza. Asiyeelewa lugha yake na amwelewe kwa masikio, kama Tom. Mwalimu mzuri wa muziki atakuambia kwamba kosa la mwanafunzi linasikika kabla halijaonekana, na Linh-Dan anaigiza hivyo hivyo: anasikia kwanza, uso wake unajibu baadaye. Waigizaji wengi wanaoigiza wanamuziki hutuonyesha vidole. Yeye anatuonyesha sikio.

Mwaka 2006 filamu ile ilipata César 8, ikiwemo ya filamu bora. Na César ya mwigizaji wa kike anayechipukia ilikwenda kwa Linh-Dan Pham. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu ateuliwe mara ya kwanza kuwania tuzo ile ile, na sasa umri wake ulikuwa umevuka miaka 30. Wapo waliofurahi bila kuwaza zaidi. Mimi nilifurahi, halafu nikahesabu. Mtu anachipukia mara ngapi? Mwaka 1993 walimwita chipukizi, mwaka 2006 wakamwita chipukizi tena, na kati ya hapo kuna ujana wake wote. Sinema ya Ufaransa ilimpa tuzo aliyostahili, na katika kumpa ikaungama, bila kukusudia, jinsi ilivyokaa muda mrefu bila kumtazama.

Miaka iliyofuata kazi zilikuja, nyingine kubwa, nyingine za kupita. Alikuwa katika Dante 01 ya Marc Caro, kisa cha gereza la angani. Alikuwa katika Le Bal des actrices ya Maïwenn, filamu kuhusu maisha ya waigizaji wa kike wenyewe. Kisha ukaja mwaka 2009, na tamasha la filamu la Venice, Italia, likaonyesha filamu zake mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni Mr. Nobody ya Jaco Van Dormael, ambamo mwanamume mmoja anaishi maisha kadhaa yanayowezekana na wake watatu tofauti. Linh-Dan ni Jean, mke wa maisha yale yenye mali na bwawa la kuogelea ambamo mume hampendi. Ninaitaja kwa sababu moja. Jean angeweza kuwa wa taifa lolote. Hakuna anayemuuliza ametoka wapi, hakuna vita nyuma yake, hakuna mto wala shamba la mpunga. Ni mke mwenye mume asiyempenda. Ile nafasi ambayo mwandishi wetu wa mwaka 1994 hakuifikiria, hatimaye ilimfikia.

Ya pili ilimrudisha Vietnam. Chơi vơi, ya mwongozaji Bùi Thạc Chuyên, ilipigwa picha Hanoi, kwa Kivietnamu, na Wavietnamu wenyewe. Ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kule Venice. Linh-Dan ni Cầm, mwandishi, rafiki wa bibi arusi mpya anayeitwa Duyên. Mapenzi ya Cầm kwa rafiki yake yanazidi urafiki, na hawezi kuyasema. Badala yake anamwandikia barua ya kumpelekea mwanamume mwingine, barua ambayo Duyên mwenyewe anaibeba, na mambo yanaharibikia hapo.

Sisi wa Kiswahili inafaa tukumbuke ugumu wa kazi ile. Lugha yetu haibadilishi maana ya neno kwa kupandisha au kushusha sauti. Kivietnamu kinabadilisha. Silabi moja, ma, ukiisema kwa toni hii ni mzimu, kwa toni ile ni lakini, kwa nyingine ni kaburi, au farasi, au mche wa mpunga. Toni za kaskazini ni 6, na watu wa kusini huziunganisha mbili zikabaki 5. Mtu aliyezaliwa Saigon na kukulia Ufaransa, akienda kuigiza Hanoi, anapeleka koo lake mtihanini. Nami napenda kwamba nafasi aliyopewa huko kwao ni ya mwandishi. Camille alisimuliwa. Cầm ndiye mwenye kalamu, hata kama maneno yake yanakwenda kumuumiza anayempenda.

Ya mwisho nitakayoitaja ni Blue Bayou ya mwaka 2021, ya mwongozaji Justin Chon, Mmarekani mwenye asili ya Korea, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu. Tuko Louisiana, jimbo ambalo Wafaransa waliliita kwa jina la mfalme wao Louis wa 14, na ambako Wavietnamu wengi waliokimbia baada ya vita walianza upya, baadhi yao kama wavuvi wa kamba. Antonio ni mchora tattoo aliyeletwa kutoka Korea akiwa mtoto wa kulea, na sasa serikali inataka kumfukuza nchini. Anakutana na Parker, mwanamke wa Kivietnamu anayeumwa saratani. Parker ni Linh-Dan Pham. Mtoto wa kulea safari hii ni yule mwingine, na Linh-Dan ndiye anayemwonyesha jinsi jamaa walivyo wakikusanyika: chakula mezani, wazee, watoto, nyimbo. Uhusiano wao hauna mapenzi ya kimwili ndani yake wala hauhitaji. Anamfundisha kitu, kama alivyomfundisha Tom, na mara hii wana lugha moja.

Usiku ule, baada ya Indochine, niliiweka hiyo pia. Ilikuwa saa nane za usiku, mtaa umelala, jenereta la jirani limezimwa. Nilipofika sehemu ambayo Parker amekaa na Antonio nikafumba macho tena. Hakuna Deneuve anayesimulia, hakuna Moreau. Kuna mwanamke mgonjwa anayezungumza taratibu na kijana aliye karibu naye kuhusu alikotoka, na kijana yule ananyamaza amsikilize.